Homa ya Mifugo Inayoweza Kukutia Upofu



Mvua kubwa ikinyesha na Mto Tana ukifurika, sisi sote tunajua mambo mawili. La kwanza, majani yatamea hata mbuzi aliyekonda kabisa atashiba. La pili, mbu watakuwa wengi hata mtu hawezi kukaa nje kula chakula cha jioni. Lakini liko jambo la tatu ambalo wengi wetu hawalijui, nalo ndilo tutakaloeleza mwezi huu. Maji hayo hayo yaweza kuleta ugonjwa unaoanza kwa mbuzi aliyetupa mimba, na kuishia ndani ya jicho la mwenye mbuzi.

Ugonjwa huo ni Homa ya Bonde la Ufa. Wafugaji Wasomali huuita sandik, kwa sababu ya damu inayotoka puani mwa mnyama. Kwetu si jambo la hadithi. Baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 ulienea sana upande wa Garissa, na mwisho wa mwaka 2006 ulirudi Garissa na Tana River na kwingineko. Kati ya tarehe 30 Novemba 2006 na tarehe 12 Machi 2007, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 684 katika Kenya, na 155 kati yao walikufa.

Habari za mimba na nyama watu wamekwisha kuzisikia mara nyingi. Habari za macho husemwa kidogo, na kwa hiyo watu hupoteza macho bila kujua sababu. Basi soma polepole, na ukimaliza umsomee jirani asiyeweza kusoma.

MAYAI YANAYONGOJA MVUA

Mwaka 1930, karibu na Ziwa Naivasha, kondoo walianza kutupa mimba na wanakondoo wakafa kwa wingi. Wataalamu watatu, Daubney, Hudson na Garnham, walichunguza jambo hilo, na mwaka 1931 wakatoa habari zake. Waliona kwamba kisa chake ni kijidudu kidogo sana, cha namna ya virusi, wakashuku kwamba huchukuliwa na mbu.

Wako mbu wanaotaga mayai katika udongo wa mabonde madogo yanayojaa maji wakati wa mvua. Mayai hayo huweza kukaa katika udongo mkavu miaka mingi bila kufa, na mengine huwa na virusi ndani tangu kutagwa. Yakifunikwa na maji siku kadhaa, mbu hutoka wakiwa wamebeba ugonjwa, huwauma mifugo, na mifugo huugua. Kisha mbu wa namna nyingine, hata wale wanaozaliwa katika mifereji na madimbwi ya skimu, huuchukua kwa mnyama mgonjwa na kuueneza mbali. Ndiyo sababu ugonjwa huu hupotea miaka mingi, watu wakausahau, kisha hurudi pamoja na mafuriko.

Mtu huupata kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuumwa na mbu. Njia ya pili, ambayo ndiyo huwapata watu wengi zaidi, ni kugusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa: kumzalisha, kushika mimba iliyotoka au kondo la nyuma, kuchinja, kuchuna ngozi na kukata nyama. Maziwa mabichi nayo ni ya hatari. Haijapata kuonekana mtu kumwambukiza mtu mwenzake, kwa hiyo usimkimbie mgonjwa wala usimtenge.

NDANI YA JICHO KUNA NINI?

Huenda umewahi kuingia katika nyumba yenye giza mchana, ukaona jua linapita katika tundu dogo la bati na kuchora duara la mwanga ukutani. Jicho hufanya kazi karibu na hivyo. Mbele pana kioo, katikati ya sehemu yenye rangi pana tundu, yaani mboni, na nyuma kabisa pana ukuta unaopokea mwanga. Ukuta huo umefunikwa na utando mwembamba sana unaoitwa retina. Retina hupokea picha na kuipeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa mmoja mkubwa.

Katikati ya retina pana sehemu ndogo ambayo tutaiita kiini. Kwa kiini hicho unasoma, unatia uzi katika sindano, unajua huyu ni mwanao na yule ni mtoto wa jirani. Sehemu nyingine za retina hukuonyesha mambo ya pembeni tu, kama mtu anayekuja kutoka ubavuni.

Sasa sikia jambo kubwa. Retina haina maumivu. Ukipata mchanga machoni, utalia machozi na jicho litakuwa jekundu. Lakini retina ikivimba au ikiliwa na ugonjwa, jicho laweza kuwa jeupe na zuri kwa kutazamwa, wala lisiume hata kidogo. Kwa hiyo usipime ugonjwa wa jicho kwa wekundu wala kwa maumivu. Upime kwa kuona.

Magonjwa tuliyoyazoea ni tofauti. Vikope ni ugonjwa wa ngozi ya ndani ya kope, na mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi iliyo nyuma ya mboni. Hayo ni ya mbele ya jicho. Habari ya leo ni ya ukuta wa nyuma.

MFANO WA MKULIMA MMOJA

Tuseme mkulima mmoja ana ekari zake kwenye skimu na mbuzi kumi na wawili. Baada ya mafuriko, mbuzi wanne wanatupa mimba katika usiku mmoja. Anawavuta vitoto vilivyokufa kwa mikono mitupu, na mbuzi mmoja aliyedhoofika anamchinja ili asipate hasara. Siku chache baadaye anapata homa, kichwa kinamgonga, viungo vinauma. Anameza dawa za malaria. Baada ya siku nne homa inakwisha, anarudi kwenye mfereji wake.

Wiki moja na nusu baadaye anamtazama mwenzake ng'ambo ya mfereji, anaona mabega na masikio, lakini uso haupo. Pana doa la kijivu mahali pa uso. Akigeuza macho, doa linafuata. Anasema moyoni, "Ni uchovu." Jirani anampa tone la dawa aliyoinunua dukani, mwingine anamshauri maji ya mti fulani. Miezi miwili inapita kabla hajamwona daktari. Daktari anapotazama anakuta kovu katika kiini. Kovu halina dawa.

Mkulima huyu alikosa mara tatu. Hakuripoti mbuzi waliotupa mimba. Hakusema zahanati kwamba alishika damu. Tena hakufunganisha homa yake na jicho lake, kwa sababu homa ilikuwa imekwisha. Na hapo ndipo wengi hukosea, maana ugonjwa wa jicho huja baada ya homa, si pamoja nayo. Kwa kawaida huonekana wiki moja hadi tatu baada ya dalili za kwanza.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Madhara ya macho yalitambuliwa kwanza huko Afrika Kusini mwaka 1951, baada ya mlipuko mkubwa wa ugonjwa katika kondoo. Yalionekana tena Misri miaka ya 1977 na 1978. Mwaka 2000 ugonjwa ulivuka Bahari ya Shamu ukaingia Saudia na Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika. Katika mkoa wa Jizan, kusini mwa Saudia, madaktari waliwachunguza wagonjwa 143 walioathirika macho. Walikuta retina imevimba kwenye kiini au karibu nacho, na katika baadhi yao damu ilikuwa imevuja ndani ya jicho. Walipowapima tena baada ya miezi kadhaa, karibu robo tatu ya macho yalikuwa vile vile, machache yalikuwa nafuu, na machache yalikuwa mabaya zaidi.

Hapa kwetu pia, baada ya mlipuko wa 2006 na 2007, watafiti waliwapima watu wa kijiji cha Sangailu katika Garissa. Waliona kwamba watu waliokwisha kupatwa na virusi hivi walikuwa na upungufu wa kuona zaidi kuliko wenzao.

Usiogope kupita kiasi. Watu wengi wanaoambukizwa hawaugui sana, au hawaugui kabisa. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba katika kila wagonjwa 200, mmoja hadi wanne hupata ugonjwa wa macho. Wengine hupona wenyewe katika wiki 10 hadi 12. Lakini ugonjwa ukishika kiini, nusu ya wagonjwa hupoteza uwezo wa kuona vizuri maisha yao yote.

JIPIME KWA DAFTARI LA HESABU

Chukua daftari la hesabu la mtoto wako, lile lenye miraba midogo. Tia nukta nyeusi katikati ya ukurasa. Kama unatumia miwani ya kusomea, ivae. Kaa penye mwanga, shika daftari umbali wa rula ya mwanafunzi, yaani sentimeta 30 hivi. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, utazame nukta kwa jicho lililobaki. Kisha badili.

Jiulize maneno haya:

1. Je, mistari imenyoka, au mingine imepinda kama waya uliolegea?
2. Je, miraba yote ipo, au pana mahali imefutika?
3. Je, nukta yenyewe naiona?

Ni lazima upime jicho moja moja. Jicho zima husaidia jicho bovu, na mtu hukaa hata mwezi bila kujua kwamba anatumia moja tu. Jipime kila siku kwa wiki tatu ikiwa umepata homa baada ya kushika mnyama mgonjwa. Ukiona mistari imepinda au mahali pamefutika, usingoje siku ya soko. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, uombe kupelekwa kwa mtaalamu wa macho. Lakini daftari halimshindi daktari: hata kama mistari imenyoka, ukiona ukungu, vidoa vinavyoelea, au kuona kumepungua ghafula, nenda.

DAKTARI ATAFANYA NINI?

Kabla ya kwenda, andika katika karatasi tarehe hizi: siku mifugo walipoanza kuugua, siku uliyochinja au kuzalisha, siku homa ilipoanza, na siku jicho lilipoanza. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Kwanza atakusomesha herufi au alama za ukutani. Kisha atakutia matone ya kuipanua mboni, ili tundu liwe kubwa na yeye aweze kuuona ukuta wa nyuma kwa taa yake. Matone hayo hayadhuru, lakini kwa saa kadhaa mwanga utakusumbua na maandishi ya karibu hutayasoma vizuri. Kwa hiyo usiendeshe pikipiki wala baiskeli kurudi nyumbani. Nenda na mwenzako. Damu pia itachukuliwa kupimwa kama ina dalili za virusi hivi.

Tena daktari atatafuta magonjwa mengine, kwa sababu Homa ya Bonde la Ufa siyo peke yake inayovimbisha retina. Kuna kijidudu cha toksoplasma kinachotoka katika mavi ya paka na nyama isiyoiva. Kuna kifua kikuu, ambacho huweza kufika hata jichoni. Kuna kaswende. Kuna virusi vingine vinavyomshambulia mtu ambaye kinga yake imeshushwa sana na Ukimwi. Na kuna vijidudu vinavyoingia ndani ya jicho lililotobolewa, kwa mfano na mwiba wa mathenge. Huo wa mwiba ni wa dharura kubwa. Usiuchomoe mwenyewe, usilibonyeze jicho, uende hospitali saa ile ile.

Mengi ya magonjwa hayo yana dawa. Kaswende hutibiwa kwa penisilini. Kifua kikuu kina dawa zake za miezi mingi, ambazo ni lazima zimezwe mpaka mwisho. Toksoplasma ina dawa zake, na mwenye Ukimwi hutibiwa virusi vya jicho pamoja na kuendelea na dawa za kupunguza makali. Lakini dawa ya ugonjwa mmoja siyo dawa ya mwingine. Iko dawa ya kupunguza uvimbe iitwayo steroidi. Akiitoa daktari baada ya kupima, yaweza kuokoa jicho. Ukijitia mwenyewe kutoka dukani, yaweza kuupa ugonjwa nguvu au kupandisha presha ya jicho hata mshipa ukafa. Maji ya miti, asali, na maziwa ya mama havifiki kwenye retina. Huishia mbele na kuunguza au kuchafua kioo cha jicho, nawe sasa una magonjwa mawili.

Kwa Homa ya Bonde la Ufa yenyewe, tuseme kweli: mpaka leo hakuna dawa iliyothibitika kuua virusi hivi katika mwili wa mtu, wala hakuna chanjo ya watu iliyoruhusiwa kutumiwa na kila mtu. Daktari atatuliza homa, atalinda maini na figo, ataangalia jicho mara kwa mara, na atatibu madhara yanayoweza kutibika. Huenda ukauliza, "Basi niende kwa nini?" Utakwenda kwa sababu hujui kama ni homa hii au ni kaswende, kifua kikuu au toksoplasma, ambazo dawa zake zipo. Hilo hulijui wewe, wala jirani, wala mwenye duka. Hujulikana kwa kupimwa tu.

Na aliyekwisha kupoteza kiini si mtu wa kutupwa. Ukuta wa pembeni bado unaona. Atembee, achunge, afungue maji ya mfereji. Mfundisheni kutazama kwa pembeni kidogo, na mpeni kazi yake.

KINGA INAANZA ZIZINI

1. Mifugo ichanjwe mapema, kabla ya mvua kubwa, ofisi ya mifugo inapotangaza. Chanjo inayotengenezwa hapa Kenya ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na yaweza kumfanya mnyama atupe mimba. Mwambie mchanjaji ni yupi mwenye mimba. Ugonjwa ukiisha kuingia, usichome sindano mwenyewe, maana sindano moja huweza kutoa virusi kwa mbuzi huyu na kumpa yule.

2. Wanyama wakitupa mimba wengi kwa pamoja na vitoto vikifa, peleka habari siku hiyo hiyo. Sheria inataka ugonjwa huu uripotiwe.

3. Usishike mimba iliyotoka wala damu kwa mikono mitupu. Vaa glavu. Ukikosa glavu, tumia mifuko ya plastiki isiyotoboka, ufunike pua, mdomo na macho, kisha unawe kwa sabuni. Ichome au uizike mbali na maji, chini sana, mbwa wasifukue.

4. Usichinje mnyama mgonjwa, wala usile aliyekufa mwenyewe. Nyama iliyopimwa ipikwe mpaka iive. Maziwa yachemshwe.

5. Laleni ndani ya chandarua, na madimbwi ya bure kando ya mfereji yafukiwe.

KWA NINI WENGINE HUNYAMAZA

Tunajua sababu, wala hatutajifanya hatuijui. Mtu akiripoti, karantini huja. Wakati wa mlipuko wa 2006 na 2007 uchinjaji na biashara ya mifugo vilizuiwa, na soko la Garissa, ambalo mbuzi wetu wengi hupitia, lilifungwa. Karo za shule hazikungoja. Kwa hiyo mtu huona ni heri anyamaze, auze upesi yule mbuzi anayeyumba, mzigo umwangukie mwingine.

Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Mbuzi anayeyumba atachinjwa na kijana wa buchani, ambaye huenda ni mtoto wa shangazi yako. Mimba iliyotoka usiku itashikwa na mke wako alfajiri, kwa sababu ndiye anayeamka kukama. Karantini ni ya miezi, na soko hufunguliwa tena. Mbuzi huzaa tena mvua zijazo. Jicho la mkeo likipata kovu katika kiini, hakuna mvua itakayolirudisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jicho haujengeki. Leo jioni, kabla hujaweka gazeti hili chini, fanya mambo mawili. Hesabu mbuzi wenye mimba ulio nao, uandike idadi yao. Kisha chukua daftari la mtoto, utie nukta, umpime kila mtu wa nyumba yako jicho moja moja. Kama wote wanaona mistari imenyoka, mshukuru Mungu, na uweke daftari hilo mahali utakapolipata siku mto utakapofurika.